Kijana, Kwao na Kigogo

Juni 25, 2024, vijana wa Eldoret na vijana wa Kisumu walikuwa barabarani siku moja, kwa sababu moja. Nyeri walikuwapo pia, na Mombasa, na Kakamega, na Kisii. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, yalifika zaidi ya kaunti 30 kati ya 47, na kwa mtu aliyezoea kuisoma Kenya kwa rangi za vyama, ramani ya siku hiyo haikusomeka. Eldoret ni nyumbani kwa Rais William Ruto. Kisumu imekuwa ngome ya akina Odinga tangu enzi za Jaramogi, baba yake Raila. Nyeri ilikuwa imemmiminia Ruto kura miaka miwili tu kabla. Watoto wa sehemu hizi tatu waliingia barabarani bila kuitwa na mwanasiasa yeyote, wakasema wazi kwamba hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi.

Saba Saba ya 2025, maandamano ya Julai 7, ilikuwa tofauti. Nairobi na kaunti za eneo la Kati ziliwaka, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ikahesabu waliouawa zaidi ya 30. Kisumu kulikuwa shwari. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kulikuwa shwari. Katika muda wa mwaka mmoja, ramani ya maandamano ilikuwa imeanza kufanana na ramani ya kura. Kazi hazikuwa zimepatikana Kisumu wala kodi hazikuwa zimeondolewa Eldoret peke yake. Kilichobadilika ni nani ameingizwa serikalini na nani ametolewa. Julai 2024 wanasiasa wakubwa wa ODM, chama cha Raila, akina John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, waliteuliwa mawaziri katika kile kilichoitwa serikali jumuishi. Oktoba 17 mwaka huo huo, Seneti ikamtimua Naibu Rais Rigathi Gachagua, mtu wa Nyeri. Upande mmoja ukaambiwa sasa tuko ndani, tulieni. Upande mwingine ukaambiwa tumetukanwa, simameni. Na vijana wengi, wale wale waliokuwa wameapa kwamba hawana kabila, wakasikia.

Wachambuzi wengi walitangaza mwaka 2024 kwamba kizazi hiki kimeuzika ukabila. Mimi naona walichofanya vijana wale ni jambo dogo kuliko hilo, na la maana zaidi: walimtenganisha kigogo na kwao. Kwa wiki chache, kijana wa Kisumu aliweza kuwa wa Kisumu kabisa bila kungoja Raila Odinga aseme twende au turudi. Kijana wa Eldoret aliweza kumpinga Rais bila kuhisi amewasaliti wazazi wake. Kisha vigogo wakarudi kudai chao, na wengi wakawarudishia. Ugomvi wangu uko hapo. Sina neno na mapenzi ya kijana kwa kwao. Nina neno na ule mkataba usioandikwa unaodai kwamba ukipenda kwenu, sharti upitishe mapenzi hayo mikononi mwa mtu mmoja.

Kumbuka mswada wenyewe ulivyosambaa. Hati ilikuwa ndefu, kwa Kiingereza cha mawakili. Vijana waliikata vipande, wakaieleza kwenye video fupi za TikTok: ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, ada ya mazingira ambayo ingepandisha bei ya nepi. Wengi waliieleza kwa lugha za mama, ili nyanya aliyeko kijijini aelewe mbunge wake anataka kupigia kura kitu gani. Harakati iliyosema haina kabila ilitembea kwa lugha za makabila, na hapakuwa na ukinzani wowote. Lugha ya nyumbani ilitumika kumfikisha mtu wa nyumbani kwenye jambo la taifa. Nadhani hatukulizingatia hilo vya kutosha, kwa sababu tulishazoea kuamini kwamba kila kinachonukia kwao ni adui wa taifa.

Ni rahisi kwa mtu wa Nairobi mwenye kazi kumwambia kijana asahau anakotoka. Dola yenyewe haijawahi kumruhusu asahau. Kitambulisho walichokuwa nacho Wakenya kwa miaka mingi kilichapishwa nyuma yake wilaya, tarafa, kata na kata ndogo, na mtoto aliyezaliwa Pumwani akalelewa Umoja, Nairobi, alijikuta ameandikiwa kijiji cha baba yake. Akitaka basari ya hazina ya maendeleo ya eneobunge, NG-CDF, atahitaji sahihi ya chifu na ofisi ya mbunge. Akitaka kujiunga na polisi au jeshi, ataingia kwenye basi arudi kukimbia katika uwanja wa kaunti ndogo ya kwao, kwa kuwa nafasi zimegawanywa hivyo. Kuanzia 1985 serikali ya Rais Moi iliweka utaratibu wa shule za sekondari za mikoa na wilaya kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi kutoka maeneo yao, na kizazi kizima cha wazazi wa hawa vijana kikakua kikisoma zaidi na watu wa kwao. Hapo sijagusa ardhi wala makaburi. Mtu aliyelipiwa karo na mchango wa kijiji, ambaye anajua atazikwa wapi, hawezi kuambiwa kwamba kijiji hicho si siasa.

Na kuna madai ambayo ni ya haki kabisa. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, ulioweka dira ya uchumi wa Kenya huru, ulishauri fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Waliokuwa navyo wakaongezewa. Kaskazini ya nchi iliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, hayajawahi kupata majibu kamili. Pwani, familia zinaendelea kuitwa maskota katika ardhi ambayo babu zao walizikwa humo. Kisumu inakumbuka Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipofika kufungua hospitali na walinzi wakafyatulia umati risasi. Hadi Februari 2025, ndipo Rais Ruto akiwa Wajir alipotangaza mwisho wake, kijana wa Garissa, Mandera au Wajir alipaswa kukaa mbele ya kamati ya kumhoji uraia wake kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa Murang'a alikipata bila maswali hayo. Kijana kama huyo akisema "sisi watu wa Kaskazini", anataja jambo lililotendwa na serikali, kwa sheria, juu ya eneo zima. Kumwita mkabila ni kumwongezea dhuluma.

Katiba ya 2010 iliyatambua hayo. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya serikali kila mwaka kwa miaka 20, iende kwenye maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Fedha hizo zimechelewa vibaya. Ningependa kuona maandamano juu ya hilo, na ningependa yafanyike Lodwar na Kilifi na Nyeri siku moja.

Kuna jambo jingine linalomfunga kijana kwa kigogo, nalo ni zito kuliko basari. Ni hofu. Aliyezaliwa 2003 alikuwa na umri wa miaka minne au mitano uchaguzi wa Desemba 2007 ulipogeuka damu. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakafukuzwa makwao. Mtoto huyo huenda haikumbuki siku yenyewe, lakini alilelewa na watu wanaoikumbuka. Alisikia nani alikuja usiku na nani alifungua lango. Kura yake ya kwanza, Agosti 2022, aliipiga akiwa amebeba kumbukumbu isiyo yake. Na tusidanganyane kwamba ujana wenyewe ni dawa: waliobeba mapanga na mishale mwaka 2008 walikuwa vijana kwa sehemu kubwa, wakitumwa na wazee wenye mashangingi. Umri haumfanyi mtu asiwe mkabila. Unamfanya tu awe na nguvu zaidi za kutumiwa.

Kwa hiyo anapopanga foleni nyuma ya mtu wa kwao, mara nyingi anatafuta ulinzi. Anaamini kwamba asipokuwa na mtu mezani, kinachogawanywa mezani kitamfikia akiwa wa mwisho, na yakitokea maafa hakuna atakayemsemea. Gachagua alipoitaja serikali mapema 2023 kuwa kama kampuni yenye hisa, kwamba waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza, alilaumiwa sana, na alistahili. Hata hivyo alisema kwa sauti kile ambacho wapiga kura wengi wa pande zote wamekiamini tangu 1963. Kila nikiwasikiliza vijana wakitetea vigogo wao, nasikia imani hiyo hiyo chini ya maneno.

Hapa ndipo hesabu za uchaguzi zinapoingia, na inafaa tuzitazame polepole kwa sababu zinaeleza mengi.

Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Waandishi wa Katiba walikusudia kumlazimisha mgombea aizunguke nchi. Lengo lilikuwa zuri. Matokeo yake ni kwamba hakuna kabila wala eneo linaloweza kushinda peke yake, basi mgombea hununua maeneo kwa jumla. Uhuru Kenyatta alivuka 2013 kwa asilimia 50.07. Ruto alivuka 2022 kwa asilimia 50.49, akimshinda Raila kwa kura takriban 233,000 kati ya zaidi ya milioni 14. Ukiwa na tofauti nyembamba kiasi hicho, mtu anayeweza kukuahidi Ukambani, Gusii, Magharibi au Pwani ana bei. Amason Kingi wa Pwani aliiondoa PAA, chama chake, katika Azimio, muungano wa Raila, na kuipeleka Kenya Kwanza ya Ruto miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2022, na leo ni Spika wa Seneti. Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula wameishi kisiasa kwa miaka mingi juu ya hesabu hiyo. Sisemi hawana sera. Nasema kinachowapa kiti mezani ni eneo.

Sasa mtazame kijana kwenye hesabu hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na takriban asilimia 75 walikuwa chini ya miaka 35. Kwa wingi, vijana wanalizidi eneo lolote. Lakini wametawanyika katika kaunti 47, hawana wa kuwasemea, na hakuna anayeweza kuahidi kura zao kwa sababu hakuna aliyezishika. Eneo huhesabika, huahidiwa, huuzwa. Kizazi hakihesabiki kwa namna hiyo. Mwaka 2024 hilo lilikuwa ngao: Ikulu ilitafuta wa kuzungumza naye ikamkosa, na Juni 26 Rais akakataa kutia saini mswada, kisha Julai 11 akawafuta kazi karibu mawaziri wote. Wakati wa kuunda serikali mpya ulipofika, ngao ile ile ikawa udhaifu. Nafasi zilizoachwa wazi na hasira za kizazi zilijazwa kwa hesabu za maeneo. Damu ilikuwa ya vijana wa kila kabila, na viti vikagawanywa kwa ngome. Jambo hili bado linaniuma, na nadhani linapaswa kutuuma sote, hata wale ambao ngome zao zilipata.

Vyama havikusaidia. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya kabila au eneo, na sheria inadai chama kiwe na angalau wanachama 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kwenye karatasi kila chama cha Kenya ni cha kitaifa. Namna karatasi hizo zilivyojazwa ilionekana 2021, Wakenya wengi walipokagua rekodi za Msajili wa Vyama mtandaoni na kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Katika ngome, chama kikubwa hakihitaji sera kwa kijana. Kinahitaji tu wimbi. Tikiti ikishapatikana kwenye mchujo, uchaguzi wa Agosti ni kuidhinisha, na wapiga kura huhimizwa wavae suti nzima, kutoka diwani hadi rais, bila kuuliza kila kipande kimeshonwa na nani.

Mfano mmoja naurudia kila mara kwenye mijadala. Mwaka 2017, John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa umri wa miaka 23, alishinda ubunge wa Igembe Kusini, Meru, bila chama chochote. Alitembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, akawashinda wagombea wenye pesa na wimbi la Jubilee, chama cha Uhuru, likiwa juu. Watu wa kwao walimchagua kwa sababu ni wa kwao kwa maana halisi ya kumjua: wanajua alikolala, alikosoma, shida aliyokula. Mwaka 2022 alirudi bungeni, safari hii kwa tikiti ya UDA, chama cha Ruto kilichokuwa kimeshika eneo la Mlima Kenya. Simlaumu. Mgombea binafsi hana wenzake wa kumtetea wala kamati ya kumpa nafasi, na wapiga kura wake wenyewe walikuwa wameshaingia kwenye wimbi jingine. Mwaka huo huo Linet Chepkorir, maarufu kama Toto, alishinda uwakilishi wa wanawake Bomet akiwa na miaka 24, naye kwa tikiti ya UDA, baada ya kuwabwaga kwenye mchujo wanasiasa waliomzidi umri na mfuko. Hadithi hizi mbili zinaonyesha mlango uko wapi. Watu wa ngome wako tayari kumwamini kijana asiye na kitu. Wanachoshindwa kukitoa kwa urahisi ni rangi ya chama cha eneo.

Mlima Kenya yenyewe ilitoa somo kubwa zaidi. Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani na mtu wao kwa kila kipimo, aliwaomba 2022 wampigie Raila. Wakakataa kwa wingi, wakamfuata Ruto, mtu wa Bonde la Ufa, kwa sababu alizungumza habari za hasla, yaani mtu wa kujitafutia riziki, mkopo mdogo, bei ya pembejeo. Vijana wa bodaboda na masokoni walikuwa mstari wa mbele wa uasi huo. Mtu anaweza kupinga sera alizowauzia, na mimi nazipinga nyingi, lakini hakuna anayeweza kusema walifuata damu. Walimkataa kigogo wakabaki wa Mlima. Halafu Gachagua alipotimuliwa, miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, lugha ikarudi kuwa ya mwana wetu ameonewa, na Mei 2025 alipozindua chama chake cha DCP alikuta vijana wakimngoja. Wengi wao walikuwa wamekerwa na serikali aliyoitumikia yeye mwenyewe, akiwa naibu wa rais aliyeleta Mswada wa Fedha. Kosa la kuonewa kwa mtu mmoja lilitosha kufuta maswali hayo.

Nyanza nayo ina yake. Raila Odinga alipofariki Oktoba 15, 2025, vijana waliomlilia Kisumu na Bondo walikuwa wengi mno, na wengi hawakuwa wamezaliwa alipofungwa bila kesi miaka ya 1980. Machozi yale hayakununuliwa na mtu. Walikuwa wakiomboleza miaka ya babu zao pia: Jaramogi kujiuzulu umakamu wa rais 1966, Tom Mboya kuuawa Julai 1969, chama cha Jaramogi, KPU, kupigwa marufuku, uchaguzi wa 2007. Kumpenda mtu kiasi hicho ni haki yao. Swali lililobaki baada ya mazishi ni kama mapenzi hayo yanarithiwa pamoja na kiti, yaani kama anayekalia uongozi wa ODM sasa anapewa kura za eneo kama mali ya marehemu. Nasikia vijana wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wakilijadili kwa ukali, na huo ukali ni wa afya. Mapenzi kwa Raila yalilipiwa kwa miaka ya kizuizini. Mrithi hana deni la kudai.

Sasa nije kwenye kile ninachokitaka hasa, maana si haki kuwaambia vijana wamwache kigogo bila kusema waipeleke wapi ile hamu ya kwao.

Tangu 2013 kwao ina serikali. Ina gavana, bunge, hazina. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zilitengewa Sh415 bilioni za mgao sawa, fedha ambazo haziamuliwi na kigogo wa eneo wala haziulizi Rais ametoka wapi. Zahanati, chekechea, maji, masoko, barabara za vijijini, kilimo: vyote viko hapo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kila hatua inapaswa kupitia kwa wananchi. Kizazi kilichousoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu hakijawahi, mahali popote ninapopajua, kuusoma mpango wa maendeleo wa kaunti yake kwa bidii ile. Walitengeneza hata programu za akili unde za kujibu maswali kuhusu mswada. Hakuna kinachozuia kazi hiyo hiyo ifanywe kwa bajeti ya Kilifi au ya Kakamega, na ielezwe kwa Kigiriama na Kiluhya.

Nitaambiwa kaunti nazo zimejaa ukabila mdogo, wa koo na mbari. Ni kweli. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya hapo, na kaunti nyingi hazikaribii. Ugavana umegawanywa kwa koo katika sehemu za Kaskazini kabla hata ya mchujo. Lakini kuna tofauti moja ninayoiona kubwa. Gavana hana mtu wa nje wa kumsingizia. Kigogo wa kitaifa akishindwa kuleta chochote, husema tumenyimwa na wao. Gavana wa kabila langu aliyekula fedha za zahanati ya kabila langu ananifanya niulize swali ambalo halina kabila ndani yake. Ndiyo maana siasa za kaunti, pamoja na uchafu wake wote, zinaweza kumfundisha kijana kuipenda kwao kwa kuidai hesabu.

Suala la kujisajili linaingia hapa, na vijana wamelipuuza. Mwaka 2022 walio kati ya miaka 18 na 34 walikuwa asilimia 39.84 ya wapiga kura waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, hali watu wakiongezeka. Kati ya wote waliosajiliwa, zaidi ya milioni 7 hawakupiga kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilirejesha usajili endelevu Septemba 2025, na mtu mwenye kitambulisho anaweza kujisajili popote nchini au kuhamisha kituo. Wengi wanaishi mitaa ya mijini kama Pipeline, Githurai na Bamburi wakiwa wamesajiliwa ushago, au hawajasajiliwa kabisa kwa kuwa wanangoja waende ushago. Matokeo yake ni hasara mbili. Mtaa unaomnywesha maji machafu haumhesabu kama mpiga kura, na kijiji anachorudi Agosti kupiga kura hakimwoni kwenye mkutano wowote kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Kura yake ya ushago inakuwa ya kumtukuza mtu, kwa sababu hajui zahanati ya hapo ina dawa au haina.

Maoni yangu ni kwamba aliye mjini mwaka mzima ajisajili anapoishi. Kwao haitamkimbia. Ardhi, wazazi na makaburi vitabaki, na akitaka kuisaidia anaweza kuituma sauti yake kwenye kikao cha bajeti hata kama kura yake iko Nairobi. Anayeamua kubaki na kura yake ushago, basi aifuate bajeti ya ushago. Wadi ziko 1,450 nchini, na kiti cha wadi huamuliwa na kura chache mno zikilinganishwa na za urais. Kundi la vijana waliojisajili pamoja na wanaojua walichokuja kukidai linaweza kumweka au kumng'oa diwani bila ruhusa ya kigogo yeyote.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Makadirio ya mwisho ya bajeti za kaunti kabla ya siku hiyo yatawasilishwa kufikia Aprili 30 mwaka huo, na magavana watayajaza miradi ya kuonyesha kampeni. Vikao vya kuwasikiliza wananchi juu ya makadirio hayo huitishwa mara nyingi siku za kazi, mchana, kwenye makao ya kaunti ndogo, na wanaofika ni wazee na wale waliobebwa kwa magari. Hakuna sheria inayokataza vikao hivyo kufanyika Jumamosi, wadi kwa wadi, kwa lugha ya hapo. Hilo ni ombi ambalo vijana wa wadi moja, wa chama chochote, wanaweza kumpelekea diwani wao wiki hii kwa barua ya ukurasa mmoja.